Zenodo: hifadhi ya data ya utafiti kwa asiye na bajeti

Zenodo inaendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu 2013 na haitozi hata senti. Rekodi moja hubeba hadi GB 50 na faili 100, kisha hupewa DOI, namba ya kudumu ya kunukuliwa. Omba DOI kabla ya kuchapisha ili uiweke kwenye makala mapema.

Kazi ngumu iko kwenye faili. Mfumo hautunzi mpangilio wa mafolda, hivyo ukiyahitaji yafunge kwanza kwa zip. Jedwali lipeleke kama CSV, yaani maandishi matupu yanayofunguka kwenye programu yoyote, si Excel peke yake, na uweke README, faili la maelezo linaloeleza kila safu, vipimo vyake na alama ya jibu lililokosekana. Ukiandika 99 kwenye safu ya umri bila maelezo, mwenzako atadhani ni bibi wa miaka 99, na wastani wake utapanda bure.

Usitegemee mtu wa kukagua ulichopakia, hayupo. Majina, namba za simu na vipimo vya GPS vya nyumba za waliohojiwa vitoe mwenyewe. Toleo jipya hupata DOI yake, lakini la zamani hubaki palepale, siri zikiwa ndani.

Leseni inayokuja yenyewe ni CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia data mradi akutaje, ibadilishe kama fomu za ridhaa haziruhusu. Mnaotunza msimbo wa programu kwenye GitHub, washeni kiunganishi chake na Zenodo kabla ya kutoa toleo, maana matoleo ya nyuma hayachukuliwi. Kuna pia tovuti ya majaribio, ila DOI zake ni za mazoezi tu.