Begi gani ununue kwa safari za kikazi za siku mbili tatu

Kama kazini kwenu ni zile za kuambiwa saa kumi jioni "kesho Dodoma", hii inakuhusu. Mi nimeshapitia mabegi manne na kosa lilikuwa lile lile kila mara, nilikuwa nalijaribu begi dukani kwenye tailizi, na kwenye tailizi hakuna begi lisiloteleza. Shughuli ipo kile kipande cha mwisho, umeshuka stesheni au stendi, mpaka lodji ni boda, vumbi na kokoto, na we umevaa viatu vya kikao.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni begi la mgongoni, lita 35 mpaka 40, ila liwe lile linalofunguka lote kama sanduku. La kufungukia juu tu kama la shule achana nalo, shati likiwa chini utamwaga kila kitu kitandani usiku. Kabla hujalipa tia mkono kwenye mfuko wa laptop uguse kitako chake, inatakiwa uishie juu kidogo ya kitako cha begi, maana ukiwa umegusa chini kabisa siku ukilitua kwa kishindo laptop ndo inapokea. Likiwa tupu mengi yake hayazidi sana kilo moja na nusu, na hii ni hesabu kubwa kwa wanaopanda ndege, kwa sababu mashirika mengi mzigo wa mkononi ni kilo 7 tu. Ubaya wake? Kwa joto la Dar mgongo unaloa, ukifika shati ulilovaa halifai kikao, na koti la suti humo ndani halisalimiki, livae tu.

Namba mbili, begi la matairi la kitambaa, inchi 20, tairi MBILI. Watu wanakimbilia tairi nne kwa sababu linasimama lenyewe na linazunguka kama mdoli, lakini vile vitairi vidogo vikiingia kwenye kokoto vinakwama au vinachomoka kabisa. La kwangu lilichomoka tairi safari ya pili, nikalibeba begani kama gunia la mkaa na kitambulisho cha kazi shingoni. Tairi mbili kubwa za mpira, nusu zimezama ndani ya begi, ndo zinadumu. Halafu kitambaa kina mifuko ya nje, chaja na mswaki hutafuti.

La tatu ni lile gumu linalong'aa. Zuri kwa wa ndege na hoteli zenye lifti, sikatai. Libonyeze ubavuni kwa dole gumba, la polikaboneti linabonyea kidogo na kurudi, la plastiki kavu halitikisiki na ndo hilo linapasuka likirushwa. Ujue pia kwamba begi hilo linakula karibu kilo 3 likiwa tupu, toa kwenye zile 7 uone unabaki na nini, na linafunguka nusu kwa nusu so chumba kikiwa kidogo utalifungulia kitandani.

Begi la mkononi la mazoezi linashika mkia, bega linauma na nguo zinajikusanya kona moja. Shangazi kaja sijaliweka kabisa, hilo ni la kurudi nalo na zabibu.

Ukishachagua, siku tatu ni suruali mbili, mashati matatu yenye mchanganyiko wa polista (pasi ya lodji usiitegemee, mara nyingi ni moja na ipo chumba cha mwenzio), viatu vizito uvae njiani, soksi zijaze ndani ya vile vingine. Pawabenki kwenye ndege ni ya mkononi, usiitie kwenye begi unalokabidhi, ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (kipimo cha nishati ya betri) so ipo chini ya kikomo cha Wh 100 cha kwenye ndege.

Zipu je? Dukani huwa wanajaza makaratasi, yaache humo humo, fungua na kufunga kwenye kona kwa mkono mmoja, ikikwama kwa makaratasi itakwama kwa nguo. Na Kariakoo nenda asubuhi na laptop yako, iingize kwenye begi hapo hapo kabla ya kutaja bei. Muuzaji akinuna mwache anune.