Lenzi ya 100-400: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Naendesha watalii hapa Arusha. Picha zangu napiga wageni wakishatosheka na simba wao, kwa hiyo muda wa kubadilisha lenzi sina, na vumbi la Tarangire halinisubiri.

Nilianza na makro ya mm 100, lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Tamu sana: mdudu wa sentimita mbili anajaza fremu. Ila ili ajae hivyo, mdomo wa lenzi unabaki kama sentimita 15 tu kutoka kwake. Panzi wa alfajiri mwenye umande atavumilia. Kinyonga, thubutu! Ukimsogelea anahamia upande wa pili wa tawi, taratibu, anakuachia vidole tu. Usa River nilizunguka naye mti mmoja mpaka bibi mwenye shamba akaniuliza nimepoteza nini.

Nikahamia kwenye tamaa ya 150-600, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali (mm zikiongezeka, inavuta zaidi), nikaazima ya mwenzangu. Inakaribia kilo mbili. Saa saba mchana nikalenga tembo wa mbali, joto linacheza juu ya majani, picha ikatoka kama nimempigia chini ya maji. Hapo hata uongeze mm ngapi, unakuza joto tu.

Mwisho nikanunua Canon 100-400 toleo la pili, mtumba, milioni mbili na nusu. (Ya kwanza niliyoonyeshwa mahali pengine niliikataa. Nilimulika tochi ya simu kwa nyuma, ndani kuna ukungu kama utando wa buibui. Mulikeni jamani, kabla ya kulipa.)

Kilichoniteka ni kwamba inashika picha kali kuanzia sentimita 98. Kwa kamera yangu ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), kitu cha upana wa sentimita 7 kinajaza fremu, nami niko mbali mita nzima. Kinyonga hana habari. Nikiinua macho, tai yuko juu ya mgunga, lenzi ni ileile.

Inaponiudhi ni msituni, njia ya Ngurdoto. Kwenye mm 400 uwazi wake, yaani tundu la kupitishia mwanga, hauzidi f/5.6, mwanga hautoshi, napandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200 na mbega bado anatoka na uso kama shimo jeusi huku mkia ukiungua kwa weupe. Stendi ya kamera garini haifai. Naweka mfuko wa maharage dirishani na kuzima injini.

Makro sijaiuza. Masika, wageni wakiadimika, nalala nayo kifudifudi kwenye majani nyuma ya nyumba.