Wapima maji waliokuja Shela: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nyumba yangu ya wageni iko Shela, kisiwani Lamu, na maji yake ni ya kisima. Kati ya kisima na shimo la choo nimechimbisha bomba jembamba la plastiki, la inchi mbili, la kuchungulia maji ya chini tu, si la kutumia. Jingine liko upande wa bahari. Baada ya masika nikaita watu wa Mombasa waje kuchukua sampuli. Jina lao anayelitaka aniulize kando, maana nina sifa zao na nina kesi nao.

Waliowahi kunipimia zamani walitumbukiza chupa, ikajaa, kwaheri. Hawa walianza kwa kushusha utepe unaolia ukigusa maji, wakaandika kina. Kisha hesabu: bomba la inchi mbili hubeba kama lita mbili kwa kila mita ya maji. Langu lilikuwa na mita nne, basi lita nane, na mara tatu ya hizo humwagwa kwanza, kwa sababu maji yaliyolala bombani yameshapigwa na hewa, si yale yaliyoko mchangani. Mtunza bustani wangu alinuna kuona lita 24 zikimwagwa hivi hivi. Hata hapo walingoja mpaka vipimo vya chumvi, joto na tindikali vitulie. Walivuta polepole wasitibue mchanga, wakaanza na bomba la bahari na kumalizia la choo, glavu mpya kila mahali.

Kilichonikosha ni kisanduku cha joto. Chupa ya kupimia vijidudu haitakiwi kupitisha siku moja, nawe kutoka hapa ni boti hadi Mokowe, halafu basi mpaka Mombasa. Likiharibika njiani, sampuli imekufa. Wao walichuja mililita 100 barazani kwangu, wakaweka vichujio kisandukuni humo kwenye nyuzi 44, wakalala hapa hapa. Asubuhi kichujio cha kisima kilikuwa safi. Cha bomba la choo kilijaa vidoa vya manjano, kila kidoa ukoo wa vijidudu vya kinyesi. Niliona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Fundi wao akanieleza pia kwamba maji matamu ya vilima vyetu vya mchanga yameelea juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi, na kila mita moja iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 chini yake. Ukishusha kidogo juu, chumvi hupanda sana chini. "Mama, pampu usiiache ikivuta usiku kucha." Sasa naiwasha kwa vipindi.

Kesi yangu ni ripoti ya maabara. Ilichelewa mpaka nikawa napiga simu kila baada ya swala ya alasiri, na ilipofika ni Kiingereza kitupu na vifupisho. Kumbe nitrati ya kisima, kemikali inayoweza kuvuja kutoka chooni, iko chini ya miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, lakini hilo nilisomewa na mpwa wangu! Mteja aliyelipa nauli na malazi anastahili ukurasa mmoja wa Kiswahili: kunywa, usinywe, fanya hivi.

Bei si ya mtu mmoja. Sisi majirani tuliungana, wakapima na visima vyao, nauli ikagawanyika. Na mwambieni fundi aje na barafu yake ya kupozea chupa za maabara, ya hapa ilitusumbua kuipata.