Familia Romana: kitabu cha Kilatini kwa mtu mzima asiye na mwalimu

Kama we ni mtu mzima una kazi na familia na unatamani Kilatini, anza na hiki, achana kwanza na vile vitabu vya kukariri majedwali. Kinaitwa Lingua Latina per se illustrata, sehemu ya kwanza ndo Familia Romana, aliandika Hans Ørberg wa Denmark. Hadithi yote, sarufi, hadi maelezo ya pembeni ni Kilatini tupu na picha, yaani hupitii Kiingereza popote, na kwa sisi tuliozoea kujifunza kila kitu kupitia Kiingereza hiyo ni raha ya pekee.

Kinaanza Roma in Italia est (Roma iko Italia), na ramani ipo hapo. Mbele kidogo unakuta Nilus fluvius est (Nile ni mto), mito ikiwa miwili wanaitwa fluvii, unajikuta umeelewa wingi kabla hujaambiwa huu ni wingi. Na Mswahili hapa ana faida kubwa, puer parvus (mvulana mdogo), pueri parvi (wavulana wadogo), puella parva (msichana mdogo), kuoanisha maneno hivyo tumezaliwa nako. Irabu nazo ni zile zile tano ila zipo ndefu na fupi, ndefu zimewekewa mstari juu, usizipuuze.

Pagumu ni miisho ya nomino. Iulius Marcum videt (Iulius anamwona Marcus) au Marcum Iulius videt, anayeona ni Iulius tu, wakati kwetu Juma anamwona Asha ukigeuza ushabadilisha habari. Hapo tulia, rudia hata mara nyingi.

Kilichonishika mimi ni hadithi. Iulius tajiri, mkewe Aemilia, watoto watatu, watumwa mia moja. Mtumwa mmoja, Medus, anachukua hela za bwana wake anatorokea Roma kwa mpenzi wake Lydia, anamnunulia pete, baadae wanapanda meli na huko baharini Lydia anamsomea Injili ya Mathayo, habari ya binti wa Yairo, na wewe unaisoma kwa Kilatini na unaelewa!! Nilifurahi sana hapo. Utumwa umeonyeshwa kama jambo la kawaida la nyumba ile na inauma kusoma, lakini Roma ndo ilikuwa hivyo na bora isifichwe, ila ukisoma na mtoto kaeni muongee.

Sura zipo 35 na kuanzia katikati kasi inapanda kweli, usijiwekee sheria ya sura moja kwa wiki. Kila sura ina mazoezi, Pensum A, B na C, majibu hayamo ndani, yanauzwa kando, kwa anayesoma peke yake hilo ni tatizo. Tafuta na sauti, Ørberg mwenyewe alirekodi akisoma, inasaidia mno.

Kwa mtu mzima nakipa tano kwa tano hata na hayo. Ukimaliza kuna sehemu ya pili, Roma Aeterna, inakutembeza kwenye jiji lenyewe kisha inaingia habari za Aeneas, shujaa wa hadithi za kale kutoka mji wa Troia, hiyo ni ngumu zaidi, usiiguse kabla hii ya kwanza haijakaa vizuri kichwani.