Skripti ya kupandisha seva imenifutia diski, eti sijasoma maelekezo

Aisee hasira hazijaisha ila ngoja niandike hivyo hivyo. Tulichukua hii seti ya skripti za kuandaa seva za klaudi yetu ya ndani, unalipia pamoja na sapoti, na ahadi yao ni kwamba ukishachomeka kebo seva inabuti kupitia mtandao, inajiwekea mfumo endeshi yenyewe, wewe kazi yako kuangalia tu. Na seva mbili za kwanza zilipanda vizuri mpaka nikawasifia kwa bosi. Mdomo wangu huu!

Ya tatu ndo iliniua. Kumbe humo ndani mtu kaandika /dev/sda basi, yaani jina ambalo Linux huipa diski, mfumo uende sda liwalo na liwe. Sasa yeyote aliyewahi kuhangaika na Linux anajua hayo majina si ya kudumu, kerneli, kile kiini cha mfumo, inayagawa kadri inavyoziona diski, leo sda kesho sdb, hasa seva ikiwa na kadi za diski zaidi ya moja. Ile seva ilikua na diski yenye majaribio ya wiki nzima ya mwenzangu, na siku hiyo ikaamka yenyewe ndo sda. Skripti haikuuliza, haikuchungulia kama kuna kitu, ikafuta, ikakata partisheni mpya (vile vigawanyo vya diski), ikamaliza na maandishi ya kijani: imefanikiwa. Ya kijani jamani!

Nikafungua tiketi, nikasubiri karibu siku nzima, anakuja jamaa wa sapoti: "Kaka, maelekezo ulisoma? Diski za data unazichomoa kwanza." Nichomoe diski moja moja kwa mikono yangu kwenye kitu nilichonunua kwa sababu kinajiendesha?? Nikamuuliza kwa nini hamtumii /dev/disk/by-id, ile inayobeba namba ya diski yenyewe. Hakujibu. Kafunga tiketi.

Nyota moja, na hiyo ni huruma.

Ila niseme ukweli, ule mstari nimeubadilisha mwenyewe, nikaandika namba ya diski ya kila seva kwenye faili la orodha, nikaongeza na kipengele cha kugoma ikikuta diski ina kitu, na seva nane zilizobaki zimepanda usiku mmoja bila kelele, kazi iliyokua inanila wiki nzima. Haya, nyota tatu kwa skripti. Yule jamaa wa tiketi hapati hata nusu, na mwenzangu mpaka leo salamu ananiitikia kwa kichwa tu.