Kubomoa nyumba ya mama South B: makaratasi waliweza, saiti wakaniachia

Watu wa mtaani wameniuliza sana nilitumia nani kubomoa na ilikula ngapi, wacha niseme yote mara moja nipumzike. Jina la kampuni siliweki, kuna pesa yao ya mwisho bado nimeikalia na sitaki maneno.

Nyumba yenyewe ilikuwa bangaloo ya mawe, vyumba vitatu na SQ (kijumba cha mfanyakazi) nyuma, mama aliingia hapo mwanzo wa miaka ya 80. Siku hizi yuko Machakos na kuku wake, wapangaji walimchosha, akasema iangushwe tujenge kitu kingine. Sharti lake lilikuwa moja tu, yale madirisha manne ya chuma ya mbele yatolewe polepole yapelekwe Machakos, ya banda la kuku. Nikamwambia sawa mama, hiyo si kazi.

Wa kwanza kuja kuangalia hakuwa kampuni, alikuwa jamaa tu na pikapu. Akazunguka nyumba, akagonga milango kwa kidole, akachungulia darini, halafu akaniambia, "Mkubwa, mimi hata sikuchaji, mimi ndio nakupea elfu hamsini, wikendi mbili uko na ploti safi." Yaani anabeba mbao, vigae, milango, nondo, anaenda kuuza. Nikamuuliza, na kibali? Akacheka kabisa. "Kibali cha nini na nyumba ni yenu? Kibali ni cha kujenga." Nusura nikubali, elfu hamsini ni elfu hamsini. Binamu yangu fundi wa stima ndiye alinitoa usingizini, akaniambia hapa Nairobi hata kubomoa unaomba ruhusa ya kaunti, na ukuta ukimwangukia mpita njia huyo wa pikapu hamtamwona tena, atakayetafutwa ni mwenye hati, na hati ni ya mama.

Ndio nikaenda kwa hii kampuni. Bei yao ilikuwa 420,000, ndani yake makaratasi, vibarua, mashine na kubeba kifusi, tunalipa mara tatu.

Makaratasi nawapa alama zote, kweli. Kuna dada pale ofisini ana faili la kila mteja na hachoki kupiga simu. Maombi yanaingia kwa mtandao wa kaunti lakini si wewe unayeyaingiza, yanapitia kwa akitekti au plana aliyesajiliwa, yako wewe ni kukimbizana na vitu: kopi ya hati, serchi ya juzi juzi ya kuonyesha ploti ni ya nani (tulifanya Ardhisasa, ule mtandao wa ardhi wa serikali), kitambulisho na PIN ya kodi ya mama, barua ya mama kwamba amekubali kwa sababu hati si yangu, barua ya injinia inayoeleza nyumba itashushwa vipi, kianze nini kifuate nini, na klearansi ya reti, yaani karatasi kwamba hudaiwi kodi ya ploti na kaunti. Hapo kwa reti ndio tulikwama. Mama alikuwa analipa vizuri miaka yote halafu wapangaji walipoanza visanga akaacha, na reti zinataka kulipwa kila mwaka kabla Machi iishe, usipolipa riba inapanda tu kimya kimya. Na ploti yetu ni ya lizi, ya kukodishwa na serikali kwa miaka, kwa hivyo kuna pia renti ya ardhi ya serikali, ni vitu viwili tofauti, mimi nilivichanganya nikalipa moja nikadhani nimemaliza, dada akanipigia akaniuliza kwa upole kama nimesoma ile meseji yake yote ama nilisoma mwanzo tu.

Kutoka maombi yaingie hadi kibali kitoke zilikuwa wiki sita. Mimi nilikuwa nimeshaambia kila mtu wiki mbili.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, mabati ya kuzungushia ploti hata hayajaisha kupigwa misumari, wakatokea vijana wawili na rejista, mmoja amevaa ile koti ya kung'aa, hawasemi wametoka ofisi gani, wanasema tu kazi isimame. Nyapara hata hakushuka ngazi. Akaelekeza kidole kwa ubao wa saiti, namba ya kibali iko, kontrakta na usajili wake wa NCA, mamlaka ya ujenzi, uko, injinia yuko. Wakausoma wote kama watu wanaosoma matangazo ya vifo, mmoja akaomba maji ya kunywa, wakaenda. Wiki sita zangu nikaona zimenilipa.

Halafu kuna paa la SQ. Hili sikulitarajia kabisa. Lilikuwa asbestosi, yale ya kijivu ya mawimbi ambayo mvua ikinyesha hayapigi kelele kama mabati, mimi nimelala chini yake miaka mitatu nikiwa chuo na nilikuwa nalipenda kwa hiyo sababu. Nyapara alitaka lipasuliwe kwa nyundo lirushwe kwa lori pamoja na mawe mengine. Dada wa makaratasi tena ndiye alikataa, akasema tangu zile kanuni za taka za 2006 hiyo ni taka hatari, inabebwa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na haichanganywi na kifusi. Shida si likiwa limekaa juu, shida ni likivunjwa, zile nyuzinyuzi ndogo zinaingia mapafuni na ugonjwa unaweza kujificha miaka ishirini, thelathini, ndio utokee. Wakaja wanne na ovaroli nyeupe za kufunika hadi kichwa na maski za vichujio. Walilowesha paa lote kwa maji kwanza, wakafungua boliti moja moja kwa spana, kila shiti inashushwa na watu wawili kwa mikono kama mtu anayeshushwa kitandani, chini inafungwa karatasi nene ya plastiki mara mbili na kupigwa tepu. Shiti kumi na nne, nusu siku. Mwishoni wakavua zile ovaroli nazo zikafungwa humo humo. Elfu sitini na tano juu ya zile 420, haikuwa kwa mkataba, iliniuma, lakini siwezi kusema waliniibia.

Sasa saiti, na hapa ndio nyota zinaanza kuanguka.

Nyapara alikuwa na saiti tatu kwa wakati mmoja. Tunamwona asubuhi, anapiga kelele dakika ishirini, anapanda boda anapotea. Ikabidi nichukue livu niwe msimamizi wa kazi ambayo nimelipia isimamiwe. Wiki ya kwanza tayari mashine ililala siku nne bila kazi kwa sababu waya wa stima bado ulikuwa umening'inia juu ya paa na hakuna aliyekuwa ameomba mita ing'olewe mapema, mimi nilidhani ni wao, wao walidhani ni mimi. Kama unapanga kubomoa peleka hiyo barua siku ile ile unapopeleka maombi ya kibali, na ya maji pia.

Kitu kimoja kiliniokoa, injinia alinishauri kabla ya nyundo ya kwanza nizunguke kwa majirani nipige picha za nyufa zao na deti ionekane. Nilihisi mjinga, unabisha kwa mzee wa watu unamwambia shikamoo naomba kupiga picha ukuta wako. Lakini pale kwetu ni udongo mweusi, ukinyesha unavimba, ukikauka unapasuka, hakuna nyumba isiyo na ufa. Wiki ya pili mzee wa upande wa kushoto akaja na hasira na fundi wake wa kumtetea, kwamba mashine yetu imempasulia sebule. Nikamwonyesha picha. Akaiangalia sana, akasogeza simu mbali, akairudisha karibu. "Huu ufa hata mimi sikuwa nauona," akasema, na chai tukanywa. Upande wake bado tuliubomoa kwa mikono, mashine hatukuisogeza, kati ya ukuta wake na wetu hapakuwa na nafasi ya kupita mtu na ndoo.

Hao wa mikono nawasifu. Ni vibarua wa mia nane kwa siku, wanajua nyumba kuliko nyapara: vigae, dari, milango, halafu mbao za paa kutoka juu kushuka, ukuta hauguswi kama bado kuna kitu juu yake. Kulikuwa na mzee mmoja kazi yake ilikuwa misumari peke yake. Anakaa juu ya jiwe, anaigonga itoke kwa mbao, halafu anailaza kwa kipande cha reli, pap, pap, inanyooka, inaingia kwa mkebe wa rangi. Kwa siku anajaza mkebe mmoja na nusu. Nikamuuliza nani ananunua hizo, akanishangaa. "Na wewe utajengea nini?"

Eskaveta ilipoanza haikumaliza siku mbili. Nyumba ya miaka arobaini na kitu, siku moja na nusu ilikuwa rundo. Vumbi ndilo lilikuwa balaa, mkataba unasema watamwagia maji muda wote, maji gani na kwetu yanakuja mara mbili kwa wiki? Nikaitisha bauza, lori la maji, kwa pesa yangu baada ya mama wa nyumba ya pili kuniletea shuka zake kwa beseni, hakusema neno, aliziweka tu mbele yangu. Halafu siku hiyo hiyo ya maji jino la mashine likashika bomba nje ya geti, bomba ambalo halikuwa kwa ramani yoyote, laini nzima ikakauka. Sitaelezea hiyo jioni. Saa kumi na mbili nikawaambia wazime, kanuni za kelele za 2009 zinahesabu mchana wa mjengo hadi hapo, na pia sikutaka kupigwa.

Kifusi kilikuwa safari ishirini na tatu za tipa. Kwa bei yangu kilikuwa kimelipiwa kupelekwa kwa shimo la kware, pale walipochimba mawe, ambalo mwenyewe anataka lijazwe. Safari ya tano nikaona lori limerudi baada ya dakika thelathini. Kware gani ya dakika thelathini na jamu ya Mombasa Road? Nikapanda boda nikalifuata, nikalikuta limeinua mgongo kando ya Mto Ngong, mawe ya sebule ya mama yanabingirika majini. Dereva akaniambia boss, hata wengine wanamwaga hapa. Niliwalazimisha warudi na mashine wayazoe, karibu tupigane, na kutoka hapo kila safari nataka picha na lokesheni kwa WhatsApp ndio nasaini karatasi yake.

Niliporudi saiti mchana huo madirisha hayakuwepo.

Nikafungua mkataba, ukurasa wa tatu, mstari mdogo, kila kinachotolewa kwa nyumba ni mali ya kontrakta. Nimesaini. Nilikuwa nimemwambia nyapara kwa mdomo kuhusu madirisha na akaitikia kwa kichwa, lakini kichwa hakisaini. Kama kuna kitu unakitaka, hata kama ni kitasa, kiandikwe kabla hujaweka kalamu.

Wiki mbili baadaye naenda Machakos kumweleza mama, nimekosa maneno njia nzima, tunapita Mlolongo naona mtu anauza milango na madirisha ya zamani kando ya barabara. Nikashuka bila hata kufikiria. La kwanza nililijua kwa ile ndoano ya spoku ya baiskeli tuliyokuwa tunalishikilia upepo ukivuma. Yalikuwa matatu. Jamaa akataka elfu nne kila moja, tukaelewana elfu tatu na mia tano, 10,500, na risiti nikamwambia aandike vizuri kabisa. Hiyo risiti, ya bauza na ya bomba nilizipeleka ofisini, dada akazipiga hesabu bila kubishana, nyapara akatoka nje kuongea na simu. Kwa ile pesa ya mwisho ya elfu sitini nimewaambia natoa hizo na tukielewana nalipa iliyobaki, bado hatujaelewana.

Kwa makaratasi ningewarudia kesho. Saiti nyota mbili, na moja ni ya yule mzee wa misumari.

Madirisha yalifungwa na ile rangi yake ya kijani, kuku wanachungulia nje kama wenye nyumba. Mama alizunguka banda, akahesabu, akaniuliza la nne liko wapi.