Kadi ya Sauti kwa Kompyuta ya Nyumbani Mwanza: Ipi Itangulie na Ipi Iachwe

Anayetaka kurekodi kwaya, kaswida au masomo kwa kompyuta ya nyumbani hapa Mwanza huuziwa kadi ya sauti, yaani kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta, kwa urahisi, lakini ni nadra kuulizwa mambo mawili yaliyopaswa kutangulia: kompyuta yake ina umbo gani, na je, anataka kuingiza sauti au kuitoa tu. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua katikati ya jiji, kuanzia Barabara ya Pamba hadi Makoroboi, zilikwisha kutumika maofisini ng'ambo, hasa Dell OptiPlex na HP za kasha jembamba, na wembamba huo una uzito mkubwa katika uamuzi wa nini kinunuliwe.

Kwa msikilizaji tu, huenda hakuna cha kununua. Kadi ya kwanza ya Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilihitajika kwa sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa na kispika cha milio tu. Leo sauti imo ndani ya mazabodi yenyewe, ile bodi kuu ya kompyuta, mara nyingi kwa chipu ya Realtek, nayo inatosha kabisa kwa filamu, redio ya intaneti na mikutano ya video. Ikiwa kimya, kagua draiva (programu inayoendesha sauti) na matundu kwanza: la kijani ni la spika au hedifoni, la waridi ni la maiki, la bluu ni la kuingiza sauti kutoka kwenye redio au mashine nyingine. Hedifoni za simu zenye maiki zina jeki ya pete tatu, na ukiichomeka kwenye tundu la waridi maiki yake haitasikika. Dawa yake ni kigawanyio kidogo cha waya, ambacho bei yake haifanani kamwe na ya kadi.

Kwa anayerekodi, nafasi ya kwanza naipa kadi ya nje ya USB yenye tundu la XLR, lile la pini tatu la maiki za jukwaani, na katika kundi hilo chaguo la kuanzia ni Behringer UMC22. Ina tundu moja la maiki na moja la gitaa, hupata umeme wake kupitia waya wa USB, na hutoa volti 48 ambazo maiki nyingi za kondensa, zile zinazohitaji umeme, haziwezi kufanya kazi bila hizo. Hurekodi kwa biti 16 (usahihi wa kila kipimo cha sauti) na hezi 48,000 (idadi ya vipimo kwa sekunde), wakati CD ni biti 16 na hezi 44,100, kwa hiyo mwuzaji akikuambia kiwango hicho ni kidogo, usibabaike. Rekodi safi hutokana zaidi na kikuza sauti cha maiki, na hapo ndipo kadi hii inapoiacha mbali chipu ya mazabodi. Isitoshe, imekaa nje, mbali na kelele za umeme za feni na pawa saplai, na Jumapili inaweza kuhamia kwenye laptopu na kwenda kanisani.

Mwenye uwezo zaidi atazame Focusrite Scarlett Solo ya Uingereza, inayofika biti 24 na hezi 192,000. Faida ya kweli ni zile biti 24, kwa sababu zinamruhusu mtu kurekodi kwa sauti ya chini yenye nafasi ya kutosha, kisha akaipandisha baadaye bila ubora kupungua sana. Hata hivyo nayo ina tundu moja tu la maiki. Kwa kwaya ningependelea aliyekusudia UMC22 asubiri, aongeze akiba, anunue Behringer UMC202HD yenye matundu mawili ya maiki, ili moja iwe ya waimbaji wote na nyingine ya anayeongoza. Nyimbo zinazotungwa huku kwetu, za Kiswahili na za Kisukuma, ni nzuri mno kusikika zikiwa zimefunikwa na mlio wa "shhh" mwanzo hadi mwisho.

Nafasi ya pili ni ya adapta ndogo ya USB, isiyozidi ukubwa wa flashi, ambayo ndiyo nafuu kuliko zote. Inamfaa mwenye tundu la hedifoni lililoharibika, au mwalimu anayefundisha kwa mtandao kwa hedifoni zenye maiki. Nyingi hutumia chipu kama CM108 ya C-Media, yenye njia mbili tu za kutoa sauti na moja ya kuingiza, kwa hiyo maandishi ya "7.1" kwenye ganda lake yanahusu uigaji wa programu, si spika nane. Sound Blaster Play! 3 ni bora zaidi kwa usikilizaji, lakini usitarajie kuchomeka hapo maiki ya jukwaani.

Nafasi ya tatu ni kadi ya ndani, kama Sound Blaster Audigy FX, na ninaishusha hadi hapo kwa makusudi. Inamfaa mwenye spika sita za filamu, yaani 5.1, na kompyuta yenye nafasi. Fungua kasha kabla ya kununua. Kadi hii huingia kwenye tundu la PCIe, lile la kuchomeka kadi kwenye mazabodi, hata likiwa refu kuliko kadi yenyewe, lakini kadi kuukuu za aina ya PCI haziingii humo kabisa. Kwa kasha jembamba, hakikisha boksi lina bamba fupi la chuma, maana lile refu halitaruhusu kasha lifungwe. Na kompyuta zile ndogo sana zinazotosha kiganjani hazina tundu lolote la namna hiyo. Wakati wa kufunga, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Kwa nyumba zilizo karibu na ziwa, safisha tundu kwa brashi laini kwanza, kwa kuwa vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku huishia humo pamoja na vumbi. Sukuma kadi wima hadi ikae sawa, halafu kaza skrubu.

Ya mwisho ni ile inayoitwa V8, yenye vitufe vya makofi na vicheko. Imetengenezwa kwa ajili ya kurusha matangazo ya moja kwa moja kwa simu, na kwa kazi hiyo inafaa. Kwa kurekodi wimbo unaotaka udumu, iache.

Popote unaponunua, omba kujaribu. Nenda na laptopu na hedifoni, chomeka kadi, pandisha kitufe cha GAIN, kinachoongeza nguvu ya maiki, polepole bila maiki, usikilize kama kuna mkwaruzo, kisha tikisa kidogo waya kwenye kila tundu. Kifaa kilichoagizwa Dar es Salaam kinasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, hivyo kubaliana mapema jinsi ya kukirudisha.

Nyumbani, kadi za nje nilizozitaja kwa kawaida hutambuliwa na Windows na Linux. Kwenye mipangilio ya sauti ichague kuwa ya kuingiza na ya kutoa, weka hezi 48,000 pande zote mbili, na uzime maboresho yote ya sauti ambayo Windows huongeza yenyewe. Kwa UMC22, maiki ikisikika upande mmoja wa hedifoni, kadi ni nzima: tundu la kwanza ni kushoto na la pili ni kulia, kwa hiyo rekodi kwa njia moja, yaani mono. Mwimbaji akijisikia kwa kuchelewa, bonyeza DIRECT MONITOR, ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Rekebisha GAIN hadi sehemu zenye sauti kubwa zaidi zifike karibu na desibeli -12, na uwashe volti 48 baada ya kuchomeka maiki, spika zikiwa chini.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukitoweka, chanzo ni umeme wa hezi 50 unaopita kwenye waya za ethi (zile za usalama zinazopeleka umeme ardhini), si kadi. Kompyuta na amplifaya zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye plagi za pini tatu. Fundi akishauri pini ya ethi ikatwe ili mvumo uishe, kataa, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayomkinga mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma.